Ramani Iliyokwama Chumbani kwa Rodel

RODEL: Haloo? Nani mwenzangu?

LIGAYA: Ligaya.

RODEL: Ligaya wa Iloilo?

LIGAYA: Unao wangapi? Sikiliza, niko ofisi ya mji. Programu yangu ya tahadhari ya kimbunga imegoma, na meya yuko njiani. Asipoiona ikifanya kazi, watachukua ya watu wa Manila.

RODEL: Nyumbani ilikuwa —

LIGAYA: Ikifanya kazi bila kukohoa! Ila nyumbani ni kompyuta ya Windows, hapa ni ya Linux. Inadai faili la ramani halipo, nami naliona kwa macho yangu.

RODEL: Nisomee mstari wa programu unaolifungua.

LIGAYA: (kimya)

RODEL: Haloo?

LIGAYA: Mtandao unasumbua.

RODEL: Mbona nasikia unavyopumua? Soma, bibi wee.

LIGAYA: Diski C... mkwaju wa kinyume, Users... mkwaju wa kinyume... Rodel.

RODEL: Nani?

LIGAYA: Umesikia.

RODEL: Bado unatumia kompyuta yangu? Si tulipoachana ulisema umeitupa mtoni!

LIGAYA: Mto ulikuwa umekauka. Nisaidie, bwana!

RODEL: (anacheka) Haya. Umeielekeza mashine ya watu kwenye folda yangu, chumbani kwangu kabisa. Linux haina diski C, wala haimjui Rodel —

LIGAYA: Ina bahati.

RODEL: — na mikwaju yake, hiyo mistari ya mshazari, hulalia upande wa pili. Usiiandike njia nzima ya faili. Acha programu itafute yenyewe iko folda gani, kisha iunganishe jina la ramani hapo. Tumia ile maktaba ya kodi inayounda njia za faili; mikwaju itajipanga kufuatana na mashine.

LIGAYA: Naandika... (sauti ya vibonye) ...Bado!

RODEL: Faili lenyewe linaanza kwa herufi kubwa?

LIGAYA: Ndiyo. Kwenye programu niliweka ndogo.

RODEL: Windows husamehe hayo. Linux haisamehi.

LIGAYA: Basi mimi nayo tumelelewa pamoja. Ngoja... Imefunguka! Rodel, imefunguka! Vituo vyote vya kukimbilia hivi hapa!

RODEL: Na jina langu?

LIGAYA: Nimelifuta.

RODEL: Sawa. Ndivyo inavyotakiwa.

LIGAYA: Kwenye programu, Rodel.

RODEL: Aa.

LIGAYA: Meya huyo, anapanda ngazi —

RODEL: Na kompyuta yangu je?

LIGAYA: Sitaituma kwa basi. Jumapili mama anapika batchoy, ile supu yake ya tambi.

RODEL: Jumapili hii? Nikija saa —

LIGAYA: Njoo na njaa. Karibu, mheshimiwa meya! Karibu, tulikuwa tunakusubiri wewe tu —

RODEL: Ligaya? Saa ngapi? Haloo?