Wasifu wa Rodah Chemutai, Mchuma Chai Aliyeufunza Mkono Wake Kungoja

Marehemu Rodah Chemutai Bett alikuwa binti wa Kiptum arap Siele, yule aliyeng'oa mahindi yake karibu na Litein akapanda chai, majirani wakimwuliza kama ng'ombe wake watakunywa hiyo chai. Mama yake alikuwa Tabutany, aliyezalisha akina mama wa kijiji kizima bila kuitwa mara ya pili. Rodah naye aliipa nyumba hiyo jina kwa jambo ambalo hakuna mzee wetu aliyelijua. Alicheza chesi. Na kabla ya kushinda, alifungwa sana.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1951, mtoto wa nne kati ya saba. Alikuwa wa haraka tangu utotoni. Alionja uji kabla haujapoa, akalia, na kesho yake akaonja tena ukiwa moto vilevile. Alisoma shule ya msingi hapo Litein hadi darasa la saba mwaka wa 1964, akapita mtihani, lakini karo ya kuendelea ilikuwa ya wavulana. Hakulalamika. Wala hakusahau.

Mwaka wa 1968 aliandikwa kazi ya kuchuma majani katika shamba la chai la Cheboiwet, nje ya mji wa Kericho, na hapo ule uharaka ukapata mahali pake. Hakuna aliyemfikia. Mathew Kipyegon Bett, dereva wa lori la majani, alikuwa anazima injini mbele ya mzani wa kupimia machumo ili amtazame tu. Husema alimpendea mikono, kwa sababu ilidonoa chai kama kuku kwenye mtama. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Disemba 1971, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Dorine.

Chesi ililetwa Cheboiwet mwaka wa 1992. Phelix Okeyo, karani wa kiwanda, aliweka ubao katika ukumbi wa wafanyakazi, na Rodah, aliyekuja kungoja mvua ipite, akauliza, "Huyu farasi mbona anaruka kombo?" Phelix akamwonyesha. Baada ya wiki chache alikuwa anamfunga Phelix mwenyewe, maana pale ukumbini ilikuwa ruhusa kurudisha kete ukijuta. Nyumbani Mathew alisema, "Nimeoa mtu anayeota farasi, na hatuna hata punda."

Michezo ya mashamba ilipoanza, nyapara Nyamwange, aliyekuwa nahodha wa timu, alimpa Rodah meza ya tatu. Alikuwa mwanamke peke yake. Huko sheria ilikuwa moja: ukigusa kete, lazima uicheze. Rodah akaanza kufungwa. Alifungwa mwaka wote wa 1993, akafungwa na mwaka wa 1994. Phelix alidhani ni elimu imepungua, akamfundisha njia mpya za kufungua mchezo. Alizishika zote, na bado akafungwa. Wanawake wenzake walimpigia kelele dirishani, "Wewe Rodah! Hapa hakuna mzani! Nani anakukimbiza?" Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani akaicheza upya kichwani mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi tarehe 11 Machi 1995, wakijiandaa kwenda kucheza na shamba jirani, Nyamwange alimwita kando.

"Mama Dorine, nakuheshimu. Lakini ukifungwa leo, wanawake warudi kwa netiboli. Hiyo meza nawapa vijana."

"Wanawake wote, ama mimi?"

"Wote. Nikikutoa wewe, nani mwingine atakuja?"

Asubuhi hiyo alikuwa bado na zamu ya kuchuma, na mvua ya mawe ikawakuta katikati ya chai. Aliingia kwenye ukumbi wa shamba jirani na aproni yake ya plastiki inadondoka maji, vidole vimekufa ganzi. Mpinzani wake alikuwa Seth, fundi wa mitambo, aliyemzoea. Seth akamwachia askari wa bure katikati ya ubao, kama alivyofanya kila mara.

Siku nyingine yoyote mkono wa Rodah ungekuwa umeshafika. Kwa miaka mingi ulikuwa umezoea kwamba kinachoonekana kinachumwa, jicho litafuata. Lakini siku hiyo alikuwa ameficha mikono kwapani apate joto, na hakutaka kuitoa. Basi akatazama. Akaona kwamba akimla yule askari, malkia wake anakufa. Akamwacha. Seth akaweka mtego mwingine. Huo nao akauona. Alicheza hivyo, mikono kwapani, mpaka mchezo ukaisha sare.

Nyamwange alisimama mlangoni. "Nilisema lazima ushinde."

"Ulisema nikifungwa. Nimefungwa?"

"Hapana."

"Basi lete chai."

Tangu siku hiyo hakucheza tena bila kuficha mikono. Hata jua likiwaka namna gani alifanya hivyo, na wageni walidhani ana homa. Alijiwekea sharti kwamba mkono hautoki mpaka ajiambie moyoni kwa nini unatoka. Hakushinda mara moja. Sare, kufungwa, sare tena. Mwaka wa 1996 alianza kushinda, na Disemba akamfunga Seth, ambaye alimshika mkono akasema, "Mama, siku hizi nikikuwekea chakula unauliza nani amepika." Mwaka wa 1997 alikaa meza ya kwanza, na hakuna aliyemtajia tena netiboli.

Mwanzoni mwa 1998 chakula kilianza kumkwama. Madaktari walikuta saratani ya umio. Alitibiwa kwa uvumilivu, akarudi nyumbani Septemba, na Jumatano tarehe 14 Oktoba 1998, asubuhi, akatutoka, Mathew akiwa ameketi kando yake.

Ameacha mume wake Mathew, watoto wake Dorine, Kipsang na Phelis, wajukuu wawili, dada yake mkubwa Dorcus, ndugu wengine, na wachumaji wa Cheboiwet aliowaita watu wake. Mungu amlaze mahali pasipo na haraka.

Kuna neno moja ambalo marehemu aliagiza lisomwe leo mbele ya watu. Wiki moja kabla ya Rodah kuaga, Bwana Nyamwange alikuja kumwona, akamwambia asiwe na wasiwasi, meza yake atapewa kijana hodari.

Rodah akasema, "Hapana. Nenda laini, kule kwenye nyumba za wafanyakazi, utafute wanawake wawili. Uwafundishe wewe mwenyewe."

"Mimi, Mama Dorine?"

"Wewe. Watafungwa mwaka mzima, labda miwili. Usiwatoe. Jumamosi ikifika, unawawekea viti, unakaa nyuma yao, unanyamaza."