Kibofu Tulichotaka Kukizika

Ndugu zangu wagonjwa, nanyi mnaouguza, niruhusuni nizungumze nikiwa nimekaa.

Mimi na mdogo wangu tulikulia Rufiji. Kwetu kijana akikojoa damu, wenzake walimpongeza: "Sasa huyu mwanamume." Kwa hiyo miaka ile ya Ujamaa, nikiwa karani bandarini na makazi yangu hapa Temeke, damu iliponirudia sikushtuka. Niliificha hadi mkojo ukaziba.

Hospitali wakaniondoa kibofu chote. Mkojo wakauelekeza kwenye utumbo, na tangu hapo unapita njia ya haja kubwa. Nawaambia wazi, maana aibu ndiyo iliyoniponza.

Daktari akasema kibofu kitapelekwa maabara, kikatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, ijulikane kama saratani imevuka ukuta wake. Nikakataa. Kwetu kiungo cha mtu huzikwa, na mdogo wangu alishakuja na kipande cha sanda.

Mdogo wangu akamwambia, "Daktari, tupe kitu chetu tukakihifadhi."

"Mkikizika leo, mtazika na jibu."

Mke wangu akadakia, "Shemeji, haraka ya nini? Mwenye kibofu yu hai, anataka uji. Waache wapime, kitakachobaki utazika."

Mdogo wangu akaikunja sanda yake.

Jibu likaja. Saratani ilikuwa imeingia ukutani, lakini haikuvuka. Kingo, pale walipokata, zilikuwa safi, hazina saratani. Humo nyamani walikuta pia mayai ya kichocho cha tangu utotoni, kile cha maji ya mtoni, ambacho kikikaa mwilini huweza kuzaa saratani. Daktari akaniuliza, "Uliooga nao mtoni wako wapi? Waambie waje wapimwe."

Nikaitikia. Sikumwambia mtu. Nyumbani nilisema jibu lilikuwa uvimbe tu, kwani niliona haya mdogo wangu asije akauliza ninavyojisaidia. Kumbe naye alikuwa akiificha damu yake. Alipoletwa kwangu, saratani ilishafika mifupani. Ndipo nikamweleza yote.

Akanitazama sana. "Kaka, jibu lile lilikuwa la wote wawili."

Nikamzika kabla ya mvua za masika.

Namshukuru mke wangu, Mungu amrehemu. Namshukuru daktari, na yule wa darubini ambaye sikupata kumwona uso. Nawaomba, aliyekulia mtoni akapime mkojo. Na ukipewa jibu lako usilale nalo. Mwite ndugu yako umwambie, hata kama utakuwa unatazama chini.