Ndugu Mwinyimadi na Mafungu ya Mihogo ya Mlandizi

Kabla ya kuanza, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa ofisini, hata Dada Stellamaris ninayekaa naye meza moja. Mama yangu ni Bi Mboni, mmoja wa wale wauza mihogo wa Mlandizi mnaowasikia kila Ndugu Husseini Mwinyimadi anapotajwa. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mpiga chapa mpya na wenzangu wamechoka. Mwaka huu tumechoka sote. Ndugu Mwinyimadi amechoka kutuzidi.

Ndugu Mwinyimadi anastaafu tarehe 30 Juni 1982, baada ya miaka ishirini ya utumishi. Alianza Kisarawe, akipima korosho za wakulima kwenye chama cha ushirika. Baadaye alipelekwa kusomea uchumi, akarudi na miwani na deni la usingizi ambalo, anasema, hajalimaliza. Tangu 1974 amekuwa mchunguzi wa bei katika ofisi yetu ya Kibaha. Kazi hiyo ni kutembea. Amekwenda Vihingo kwa baiskeli na Chole ya Kisarawe kwa lori la mkaa, na mara nyingi amerudi kwa miguu kwa sababu lori limeishiwa mafuta. Wenye maduka walipomwona anakuja walificha sukari. Wanunuzi walipomwona anaondoka walimlaumu kwamba sukari haipo.

Shauri linalokumbukwa zaidi ni la 1976. Watu walilalamika kwamba wauza mihogo saba wa Mlandizi wamekula njama ya bei. Ilionekana wazi: kila mmoja aliuza fungu shilingi moja, masika na kiangazi. Mkuu wetu wa wakati ule, Ndugu Wilfred, aliyeandamwa na malalamiko kila asubuhi, alitaka meza zao zifungwe.

"Midomo saba, bei moja," alisema. "Unataka ushahidi gani tena, Mzee?"

"Nataka kujua ndani ya fungu kuna nini."

Akaenda Mlandizi bila kujitambulisha. Kila siku ya gulio alinunua fungu moja kwa kila mwanamke, akayabeba mpaka kwenye mizani ya korosho ya chama cha ushirika. Wauzaji wakaanza kumcheka. Mama huiga mpaka leo: "Una wake wangapi, baba, kila mmoja na fungu lake?" Naye alijibu, "Mmoja tu, dada, ila anakula vizuri." Mke huyo, Bi Siwema, alilishwa mihogo asubuhi, mchana na jioni, hata akauliza kama ofisi haina kesi yoyote ya mchele.

Mizani ilionyesha kwamba bei ilisimama lakini fungu halikusimama. Mihogo ilipokuwa mingi, fungu lilinona. Mvua ilipokata barabara, lilikonda. Na hata siku moja hiyohiyo mafungu hayakulingana. Aliyekosa wateja aliongeza kipande juu. Jirani akaona, akaongeza viwili. Ndugu Mwinyimadi akaandika kwamba wanawake hawa wanashindana mbele ya macho yetu, kwenye nyongeza, na sisi tulikuwa tukitazama shilingi peke yake. Waliokula njama hawanyang'anyani wateja namna hiyo.

Taarifa ilirudishwa mara mbili. Akaiandika tena, kwa mkono, bila kugombana. Ndugu Wilfred aliisoma yote, akatia sahihi. Meza zikabaki.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole kwa wafanyabiashara wote. Mwaka uliofuata kipimo hichohicho kiliwanasa wauza mkaa wa jumla: bei zao zilitofautiana vizuri sana, lakini magunia yao yote yalipungua uzito katika wiki ileile moja.

Meza ya mama ndiyo iliyonunua sare zangu na nauli mpaka nikamaliza kidato cha nne. Ingefungwa, nisingekuwa hapa kupiga chapa maneno haya. Mama anaamini waliokolewa na dua ya Ijumaa, nami sioni sababu ya kumbishia.

Mzee, shikamoo, na asante. Pumzisha magoti. Tunakuombea siku ndefu zisizo na safari, na wali mezani kwa ajili ya Bi Siwema.

Nanyi wasomaji, nawaomba moja. Ndugu Mwinyimadi bado hununua mihogo kwa mama kila gulio, naye mama bado humwita mwenye wake wengi. Tafadhali mama asijue ni nani. Akijua hatapokea shilingi yake, na Mzee hali cha mtu bure. Atahamia meza ya jirani. Mwacheni alipe kama wengine, na apewe kipande chake cha nyongeza.