Kiti cha Tairi na Amani ya Nyumba ya Mzee Duara

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Duara, msimamizi wa mashine yetu ya kusaga matairi chakavu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza kwa kumwaga maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matairi, kazi iliyomjengea uadui wa kudumu na mbu. Akawa mkataji, kisha akakabidhiwa mashine. Zamani matairi yalichomwa moto nyuma ya ukuta wa kiwanda chetu, na majirani walianika nguo nyeupe wakaanua nyeusi. Yeye ndiye aliyepigania yasagwe: nyuzi za chuma zikayeyushwe, na chembe za mpira zikatandikwe kwenye viwanja vya michezo vya watoto.

Kuna siku alijipenyeza ndani ya tairi la trekta akague nyufa. Likaanza kubingirika naye, likashuka mteremko wote hadi getini. Askari wetu, mtu wa kanuni, alilizuia kwa mguu, akainama na kuuliza, "Baba, kibali cha kutoa mali kiko wapi?" Mzee Duara, ambaye bado alikuwa anaona askari wawili, alijibu kwamba ameshampa mwenzake.

Tatizo ni kwamba kazi humfuata nyumbani. Shemeji yetu, mkewe, ana vyungu vya maua vya tairi, meza ya tairi, na bembea ya tairi inayogombaniwa na wajukuu. Mwezi uliopita alitoa tamko: "Tairi lingine likivuka kizingiti hiki, nahamia kwa dada yangu, na televisheni naondoka nayo!" Bahati mbaya, habari zilitufikia tukiwa tumeshatengeneza zawadi ya kumuaga mumewe: kiti kikubwa cha tairi la lori, chenye mto mwekundu.

Kamati yetu ya maandalizi ilikuna vichwa, ikaona heri imwite shemeji akione mwenyewe. Alikuja amenuna. Akakizunguka, akakibonyeza, akakaa "kujaribu tu". Chai ikaja, ikaisha, yeye yupo. Tulipomuuliza anaonaje, alifumba macho akasema, "Shemeji zangu, hiki si chake. Hiki changu."

Basi kiti kinakwenda nyumbani leo kwa jina la shemeji, na Mzee Duara atapokea saa ya ukutani. Tumechagua ya pembe nne, kwa usalama.

Mzee wetu, asante kwa jasho lako na kwa vicheko ulivyotuachia. Tunakutakia mapumziko ya raha nyumbani kwako. Ila ukitaka kukaa, uombe ruhusa kwanza.