Bi Stana Aliyekataa Ndara

Tarehe thelathini Oktoba, Bi Stamenka Ružić, tunayemwita Stana, fundi umeme wa kampuni yetu ya kutunza majengo hapa Nova Varoš, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mkurugenzi ameniomba nimwandikie kwaheri kwenye jarida la wafanyakazi, mimi, Ljubinka, mpika kahawa na mfagiaji wa ofisi, kwa sababu wengine, anasema, wataandika vyeo. Nimekubali, ila naandika kwa hofu. Baridi inabisha hodi, na mtu aliyekuwa akijua nyumba gani itakuwa na joto anaondoka. Nani atajua sasa? Na nyumba yake mwenyewe, nani atamjulia?

Alipoajiriwa, mafundi wanaume walimpa tochi awashikie. Mwaka haujaisha, wao ndio walikuwa wakimshikia tochi yeye. Nyaya za ghorofa zote za mtaa wa juu zimepita mikononi mwake. Ndiye aliyemtoa paka wa padri kwenye shimo la lifti, akakwaruzwa mpaka shingoni, na padri akampa baraka badala ya dawa.

Lakini wengi tunamjua kwa sababu ya umeme wa usiku. Kila majani yakianza kupukutika, watu walimfuata ofisini: "Stana, nihamie umeme wa usiku au nisihamie?" Maana umeme wa usiku ni wa bei rahisi, lakini ukiuchukua, ule wa mchana unapanda bei. Jiko la matofali, lile sanduku zito la chuma la kupashia nyumba, linashiba umeme usiku na kutoa joto mchana. Likiishiwa jioni, mtu anachomeka kihita kidogo, kihita kinakula umeme ghali, na faida yote imekwenda na maji.

Stana hakuwajibu pale ofisini. Alisema, "Nitakuja kunywa kahawa." Akaja jua likizama, saa ambayo jiko linaanza kuishiwa nguvu. Alivua viatu mlangoni kama mgeni yeyote, na akisogezewa ndara za ndani, alikataa. Jamani! Sisi kina mama wa hapa tunajua soksi tupu sakafuni zinaleta nini: figo, kizazi, kifua, vyote vinakwenda.

"Stana, utaua figo zako!"

"Figo zangu, sakafu yako. Mimina kahawa."

Basi anakaa, anasimulia habari za mji mzima, na wewe unamtazama miguu. Ikipata baridi au ikibaki na joto, anaweka kikombe chini na kutoa hukumu: usihamie, au hamia. Kipimajoto hakukitaka. "Hicho kinaning'inia ukutani," alisema, "mtoto anacheza chini."

Ratko mwoka mikate aliambiwa asihamie, akakasirika. "Jirani yangu umemkubalia, mimi nimekosa nini?"

"Jirani yako ana mama mzee nyumbani mchana kutwa. Wewe mchana una nani? Kasuku?"

Kwangu alikuja mwaka ambao daktari alisema jiko la makaa litoke ndani kwa sababu ya kifua cha binti yangu Nevena. Mume wangu yuko Linz, ughaibuni, anapanga vigae vya watu. Nilikuwa nimeshatoa jiko la makaa, nimeshanunua la matofali, na usingizi ukanihama. Nikikosea, mwanangu ataumwa. Nikipatia nusu, mwanangu ataumwa vilevile. Stana akaketi na soksi zake za kijivu, akauliza Nevena anarudi shule saa ngapi. Nikamweleza: wiki ya zamu ya asubuhi anarudi mchana, wiki ya zamu ya alasiri anarudi giza limeingia.

"Na jiko linaanza kupuliza joto kwa feni yake asubuhi. Linampasha nani?"

"Nani tena... makochi."

"Makochi yako yana bahati."

Akaniambia jiko nilihamishie chumba kidogo, nitundike blanketi mlango wa sebule, na feni nisiiwashe mpaka mtoto arudi, ili matofali yamwekee joto lake. "Ukifanya hivyo, chukua umeme wa usiku. Usipofanya, baki ulivyo."

"Na likilipuka, shangazi?" nikauliza, maana ndivyo tunavyomwita ofisini.

"Ni matofali, Ljubinka. Wewe ndiye utalipuka."

Baridi ile yote nilitega sikio kwenye mgongo wa Nevena kila asubuhi. Kimya. Pumzi zinaingia, pumzi zinatoka. Nyie mliozaa mnajua kimya kile kina utamu gani.

Sasa nije kwenye linaloniogopesha. Februari hii tulikuwa jikoni ofisini, Stana ameegemeza miguu kwenye jiko letu la matofali, anacheka habari ya harusi fulani. Mimi nikasikia harufu ya sufu inayoungua.

"Shangazi Stana, soksi!"

Akatazama chini kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Nilimvua soksi. Kisigino kilikuwa chekundu, ngozi imefura malengelenge, na yeye hajahisi kitu. Nikauweka mguu chini ya bomba la maji baridi. Hakulia maumivu. Rangi ilimtoka usoni, akasema polepole:

"Nyumba nilizokaa baridi hii, Ljubinka. Nimewaambia nini wale watu?"

Hospitali walisema ni sukari, imekula hisia za miguu, na haikuanza jana. Alipoweza kukanyaga tu, akanishika mkono: "Twende. Utavua viatu wewe." Tukazirudia nyumba zote alizozihukumu baridi ile, mimi na soksi zangu, yeye na bandeji. Nyingi zilikuwa salama. Lakini kwa akina Obrad, wale vijana wenye kichanga, nilivua viatu na sakafu ikaning'ata kama mbwa. Chumba kiko juu ya njia ya magari, chini yake ni upepo mtupu. Mtoto amefunikwa mablanketi matatu, kapua kake baridi kama kijiko.

"Kwa nini hamkusema?" Stana akauliza.

Mama wa mtoto akainamisha kichwa. "Ulisema panafaa, Bi Stana. Tukadhani ni sisi tunadeka."

Siku hiyohiyo tulimhamishia mtoto chumba cha ndani, kilichopakana na majirani wenye joto, na jiko likamfuata. Anaendelea vizuri, ameanza kutambaa.

Nilimuuliza kama niliandike hili kwenye jarida la wafanyakazi. Akasema, "Andika. Sukari si aibu. Aibu ni mtoto kulala kwenye baridi kwa sababu ya kuniheshimu mimi."

Juma lililopita aliniambia, "Njoo unywe kahawa." Nikajua ananiitia nini. Anaishi peke yake ghorofa ya chini, juu ya stoo. Miaka yote amewapa watu umeme wa usiku, mwenyewe akipasha kwa kuni jioni tu, kwa kuwa mchana yuko kazini. Kuni sasa hawezi kuzibeba na mguu ule. Jiko la matofali lipo mlangoni, halijafungwa. Akikosea, hatajua kuwa amekosea. Atakaa kwenye baridi akidhani yuko vizuri, au ataungua akidhani anajipasha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilifika jua likizama. Akanisogezea ndara. Nikazikataa. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamimina kahawa, yake bila sukari. Nilikaa penye kiti chake dirishani, na kahawa haijafika nusu miguu ikaanza kuuma kwa baridi. Nikahamia ukutani, upande wa jirani. Nikakaa, nikamsikiliza, tukala pai ya jibini, giza likaingia, miguu ikatulia. Nikaweka kikombe chini. Sijawahi kuogopa neno langu kama siku ile.

"Kiti kije huku ukutani," nikasema. "Jiko tuliwekee uzio wa waya, miguu isiliguse. Umeme wa usiku chukua, shangazi. Unakufaa."

"Kwa nini unanifaa?" Aliuliza kama mwalimu.

"Kwa sababu mchana sasa nyumba ina mtu."

Akatikisa kichwa kukubali.

Shangazi Stana, kwa niaba ya ofisi nzima, na ya kila mtoto wa mji huu anayecheza sakafuni, asante. Uzio wa waya mafundi wameshauchomelea. Zawadi yetu ni ndara za ngozi ya kondoo, nene, zenye manyoya ndani. Mimi nitapita jioni kuvua viatu mlangoni kwako, baridi hii na zijazo. Tunakuombea mapumziko marefu katika nyumba yenye joto. Na ndara, safari hii, tafadhali zivae.