Siku Ng'ombe Walipotusubiri Bondeni

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mtanisamehe, nitasoma kwenye karatasi, maana nikiwaangalia nyie nitasahau yote. Hata darasani jina langu likiitwa naitika kwa kunong'ona.

Mchungaji alipotufundisha kuhusu sikukuu ya mavuno ya Waisraeli, kwamba waliagizwa waache masazo shambani kwa ajili ya mjane na yatima, nilishtuka. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba yatima ni mimi.

Baba alifariki kipindi cha mvua, miche ya mpunga ikiwa kitaluni inasubiri kupandikizwa. Mama akakaa matanga. Nyie mlikuja, mkalala chini na sisi. Lakini ndugu zangu, nawaambia, mpunga haungoji msiba uishe. Tuliporudi bondeni miche ilishapitiliza, imekuwa ya njano. Tukaipandikiza hivyo hivyo. Haikuzaa kitu.

Wenzetu walipovuna, mama akasema, "Twende tukaokoteze mpunga kwenye majaruba ya watu." Nikaona aibu mpaka nikavaa kofia ya baba ili wanafunzi wenzangu wasinitambue. Nyumbani chakula kilikuwa kimeisha. Tusipookota, hatuli. Ilikuwa hivyo tu.

Mnajua utaratibu wa huku kwetu. Mtu akishavuna anaruhusu ng'ombe waingie wale mabua, na wakishaingia hata suke moja halibaki. Tulikuwa tumeanza tu, tukasikia kengele. Kundi zima linashuka, mbele yupo mzee mmoja wa Kisukuma na kijana wake.

Mama akaanza kuokota haraka haraka. Halafu akakaa chini kwenye matope makavu, akalia. Tangu tumzike baba nilikuwa sijamwona akilia. Mimi nililia peke yangu, kwenye daftari.

Yule mzee akasimama. "Mayu, kuna nini?" Mayu kwao ni mama. Mama akazidi kulia. Mzee akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo, sauti haitoki. Tena, haitoki. Mwisho nikasema, "Baba amefariki."

Wapendwa, nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno yale. Shuleni nilikuwa nasema baba amesafiri.

Mzee akavua kofia. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakageuzwa kwenda juu kwenye vichaka.

Kijana wake akalalamika, "Baba, hawa ng'ombe wana njaa! Au umeshakuwa mzee wa kanisa?"

"Hawa tangu niwanunue hawajawahi kuniambia wameshiba," mzee akajibu. "Watasubiri." Akatugeukia. "Okoteni taratibu. Sisi tutapita mkimaliza."

Akakaa juani na mifugo yake mpaka jua linakaribia kuzama. Ng'ombe wanalia, sisi tunaokota.

Pale mbele, kwenye sadaka zetu za mavuno za leo, kati ya mahindi, maboga na asali ya ndugu zetu wa Ugalla, kuna kibeseni cha mpunga wenye vumbi. Ni chetu. Nilimwambia mama, "Tusipeleke, watu watacheka, ni wa kuokota." Akasema, "Ndiyo mavuno tuliyopewa mwaka huu. Nibebe nini kingine?"

Nawashukuru nyie mliolala msibani. Namshukuru mama wa kwaya aliyetuletea unga bila kugonga mlango, akauweka tu na kuondoka. Namshukuru mzee yule. Jina lake sikuuliza, na sijui anasali wapi, ila naamini Mungu ndiye aliyempitisha pale. Na Mungu namshukuru, lakini sitawadanganya. Nashukuru huku naumia. Jioni bado nasikiliza kama baiskeli ya baba inaingia uani.

Neno langu ni dogo. Nyie mnaovuna, kabla hamjaruhusu ng'ombe kuingia, angalieni kwanza shambani. Huenda kuna mtu ameinama.