Mama Hayarudi Anastaafu, Wivu Wangu Bado Uko Kazini

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha ulinzi wa maji ya kunywa anastaafu tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa tuliajiriwa wiki moja. Hakujua kwamba anamwomba mtu ambaye amemwonea mwenzake wivu muda wote huo. Mwenzangu mwenyewe anajua, kwa hiyo naandika bila woga.

Wengi wenu hamlijui hata jina lake halisi. Anaitwa Mama Hayarudi, maana kila anapokagua gereji, dobi au zahanati huuliza swali lile lile: maji yakishaingia humu, yana njia ya kurudi kwenye bomba letu? Kama ipo, haondoki mpaka ifungwe valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Amekimbizwa na mbwa. Amemwagiwa maji ya sabuni, eti kwa bahati mbaya. Mwenye hoteli mmoja alimweka kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni bila kumwona. Kesho yake akarudi na uzi na sindano za kufuma, akaketi palepale. Valvu ilifungwa kabla sweta halijapata mikono.

Mimi nikifika mahali, watu huuliza nitaondoka saa ngapi. Yeye hugombana nao, kisha wanamwomba ushauri kuhusu watoto wao. Hata mama yangu mzazi, nikimpigia simu, huanza na "Mwenzako hajambo?" Zamu yangu huja baadaye, kama salio linaruhusu.

Lakini siku iliyoniumiza roho zaidi ni ile bomba kuu la mtaa wa juu lilipopasuka. Nilikuwa shimoni, tope kiunoni, nikihangaika na mpasuko. Akaja mama mmoja wa jirani na kikombe, akasema maji yake yananuka. Mama Hayarudi alinusa, akanipa na mimi ninuse.

"Hili si tope," alisema. "Hii ni dawa ya wadudu."

Bomba likipoteza msukumo hunyonya chochote kilicho upande wa pili. Jirani na pale palikuwa na kitalu cha maua, na mpira wa maji ulikuwa umetumbukizwa ndani ya pipa la dawa, koki ikiwa wazi. Dawa ilikuwa inapanda mpira na kuingia kwenye bomba la mtaa mzima. Na mwenye kitalu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja.

Alifunga maji ya kitalu mwenyewe, shemeji akiwa amesimama juu yake.

"Dada, unanifungia maji mimi? Miche yote hii itakufa."

"Itakufa, shemeji. Pale chini kuna chekechea, na watoto wakitoka kucheza watataka kunywa."

Kisha akakimbia. Simwiti mkimbiaji, lakini siku ile alikimbia na viatu mkononi. Alimkuta mwalimu amekwishajaza vikombe na watoto wamepanga mstari. Akavimwaga vyote, akaanza kupita mlango kwa mlango kuwakataza watu wasinywe. Mabomba yalisafishwa mpaka vipimo vikawa safi. Hakuna aliyeugua.

Picha ya siku ile imetundikwa pale mapokezi. Yeye yuko katikati, amezungukwa na watoto. Kile kiwiko chenye tope pembeni ni changu.

Miche ilikufa kweli, na shemeji akapoteza msimu mzima. Mdogo mtu akaacha kupokea simu za dada yake. Zaidi ya mwaka nilimwona wakati wa chakula cha mchana akiweka simu mezani, kioo kikitazama juu, akila huku akiitazama. Hakuwahi kusema alikosea, wala hakuwahi kumsema vibaya mdogo wake. Mpaka siku moja mlango ukafunguliwa, mdogo wake akaingia na mtoto mchanga.

"Nimemleta amwone mama yake mkubwa," alisema.

Mama Hayarudi alimpokea mtoto, akageukia dirishani, na ofisi nzima tukaanza kupekua mafaili ambayo hayakuwa na haja ya kupekuliwa.

Leo hakuna jengo la biashara linalounganishwa na maji yetu bila valvu ile; hiyo ni kanuni, na ni yeye aliyeipigania. Shemeji yake huwaonyesha wateja valvu ya kwake kabla hajawaonyesha maua. Watu hudhani namwonea wivu kwa cheo na ile picha. Hayo yanauma kidogo. Kinachouma hasa ni kwamba nina mashemeji watatu ninaowapenda, na sijui kama ningeweza kumfungia hata mmoja wao maji huku ananitazama usoni.

Kuanzia Julai kiti chake ni changu. Nimekitamani tangu nikiwa na nywele, na nimekijaribu alipokuwa likizo: kinalegea upande wa kushoto.

Asante, dada, kwa kila glasi ya maji tuliyokunywa bila kufikiri. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasumbufu. Simu za kazi usizipokee tena. Ya kwangu tu, tafadhali, ipokee.